Bima ya gari la mzazi linaloendeshwa na mtoto

Bima ya gari la mzazi linaloendeshwa na mtoto ni bima ya gari lililoandikishwa kwa jina la baba au mama, huku anayeliendesha kila siku au mara nyingi ni mwana wao aliyekwisha kuwa mtu mzima. Hakuna kampuni inayouza bima ya pekee kwa jina hilo. Ni bima ya kawaida ya gari, isipokuwa mkataba unawahusu watu wawili: mwenye gari na dereva. Maswali mengi hutokana na jambo hilo. Nani akate bima? Nani atajwe katika fomu? Nani alipwe gari likiharibika, na nani adaiwe likimjeruhi mtu?

Makala hii inaeleza hasa hali ya Tanzania na Kenya. Uingereza inatajwa kwa sababu sheria za bima za nchi hizi mbili zilifuata mfano wa sheria za huko.

Jinsi hali hii inavyotokea

Mara nyingi mzazi hununua gari, kisha mtoto anapopata kazi mjini analichukua ili alitumie huko. Mzazi anabaki Moshi au Kisii, gari liko Dar es Salaam au Nairobi. Mzazi mwingine amezeeka au macho yamepungua nguvu, naye anaendeshwa na mtoto kwenda hospitali, sokoni na kanisani au msikitini. Pengine mtoto anayefanya kazi ng'ambo hutuma fedha, gari linanunuliwa na kuandikishwa kwa jina la mama, na mdogo wake ndiye anayeliendesha.

Katika hali zote hizo familia inajua gari ni la nani na linatumiwa na nani. Kampuni ya bima haijui. Inajua tu yale iliyoandikiwa katika fomu ya maombi. Nchini Tanzania uthibitisho wa umiliki ni kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Nchini Kenya sheria ya usalama barabarani inamchukua mtu ambaye jina lake liko katika daftari la usajili kuwa ndiye mwenye gari, mpaka ithibitishwe vingine. Ndiyo maana wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Bima ndogo na bima kubwa

Kuna aina kuu mbili za bima ya gari.

Bima ya mtu wa tatu, ambayo wengi huiita bima ndogo, inalipa madai ya watu wengine waliodhurika kwa ajali iliyosababishwa na gari hilo. Mtu wa kwanza ni mwenye bima, wa pili ni kampuni, na wa tatu ni yule aliyegongwa. Sheria inalazimisha bima hii hasa kwa ajili ya vifo na majeraha. Gari la mwenye bima lenyewe halilipiwi.

Bima kubwa inalipa madai ya mtu wa tatu, na pia uharibifu wa gari lenyewe kwa ajali, moto au wizi, kulingana na masharti ya mkataba.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa familia. Mtoto akiligonga gari la mzazi kwenye nguzo ya umeme, na gari lina bima ndogo tu, matengenezo ya gari ni juu ya familia yenyewe, hata kama stika ni halali na leseni ya dereva haina kasoro.

Msingi wa kisheria

Uingereza ililazimisha bima ya mtu wa tatu kwa sheria ya barabara ya mwaka 1930. Tanganyika na Kenya, zilipokuwa chini ya utawala wa Kiingereza, zilipata sheria za namna hiyo katika miaka ya 1940. Leo Tanzania inatumia Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto (Sura ya 169), na Kenya inatumia sheria yake ya bima ya mtu wa tatu (Sura ya 405).

Sheria hizi hazimkatazi tu mtu kutumia gari lisilo na bima barabarani. Zinamkataza pia kusababisha au kuruhusu mtu mwingine alitumie. Neno kuruhusu linamgusa mzazi moja kwa moja. Mzazi aliyempa mtoto funguo za gari ambalo bima yake imekwisha anaweza kushtakiwa, hata kama siku hiyo yeye alikuwa shambani kwake umbali wa kilomita mia tano. Kwa hiyo mzazi anayemwachia mtoto gari hana budi kujua tarehe ya mwisho ya bima. Nchini Tanzania stika ya bima inaweza kuhakikiwa katika mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Uhakiki huo unasaidia pia kugundua stika za bandia.

Nani anaruhusiwa kuendesha

Bima haiwi halali kwa kila anayeshika usukani. Kila hati ya bima ina kifungu kinachotaja madereva wanaokubalika. Katika hati nyingi za Afrika Mashariki kifungu hicho kinamkubali mwenye bima mwenyewe, pamoja na mtu yeyote anayeendesha kwa agizo au ruhusa yake, mradi mtu huyo ana leseni halali ya daraja la gari hilo na hajazuiwa na mahakama kuendesha.

Kwa kifungu cha namna hiyo mtoto mtu mzima anaingia bila shida: ana leseni, ana ruhusa. Hata hivyo kuna mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, hati nyingine huwakubali madereva waliotajwa kwa majina tu. Mtoto asiyetajwa humo yuko nje ya mkataba.

Pili, leseni ya mwanafunzi wa udereva na leseni iliyokwisha muda hazihesabiwi sawa na leseni kamili. Madai mengi hukwama hapa.

Tatu, ruhusa ya mzazi haivuki matumizi yaliyoandikwa. Gari likikatiwa bima ya matumizi binafsi, kisha mtoto akalifanya teksi ya mtandaoni au akabeba abiria kwa nauli, kampuni inaweza kukataa kulipa uharibifu wa gari. Haisaidii kitu kwamba mzazi hakujua.

Kusema kweli katika fomu

Mkataba wa bima umejengwa juu ya kanuni ya nia njema kabisa. Mwombaji anatakiwa kueleza kila jambo muhimu analolijua kuhusu hatari inayokatiwa bima, kwa kuwa kampuni haina njia nyepesi ya kulijua yenyewe. Kanuni hii ilielezwa na jaji Mwingereza, Lord Mansfield, katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm ya mwaka 1766. Kesi ile ilihusu bima ya ngome huko Sumatra, lakini kanuni yake imeenea katika bima za kila aina.

Kwa gari la mzazi, jambo muhimu la kwanza ni jina la dereva mkuu. Dereva mkuu ni yule anayeliendesha gari mara nyingi kuliko wengine, awe ndiye mwenye gari au la. Mambo mengine ni umri wake, muda aliokaa na leseni, ajali alizowahi kupata, mahali gari linapolala usiku, na kazi ambayo gari linafanya. Mzazi akiandika kwamba gari linakaa nyumbani kwake kijijini, na kumbe mwaka mzima linalala kando ya barabara jijini, ameeleza hatari nyingine kabisa.

Kosa la kawaida ni kumwachia wakala aijaze fomu peke yake kwa haraka, kisha mzazi akatia sahihi bila kusoma. Sahihi ni ya mzazi, na majibu yote yanahesabiwa kuwa yake.

Dereva kijana na eksesi

Katika bima kubwa kuna kiasi ambacho mwenye bima hujilipia mwenyewe katika kila dai, kabla ya kampuni kulipa sehemu yake. Mawakala hukiita eksesi. Hati nyingi huongeza eksesi ya pili ikiwa dereva ni kijana chini ya umri uliotajwa, au amepata leseni karibuni.

Mfano ufuatao unaonyesha hesabu yake. Tuseme matengenezo baada ya ajali ni shilingi 3,000,000. Mkataba una eksesi ya kawaida ya asilimia 10, na nyongeza ya asilimia 10 kwa dereva kijana. Mzazi angekuwa ndiye anayeendesha, familia ingejilipia shilingi 300,000. Kwa kuwa aliyeendesha ni kijana, familia inajilipia shilingi 600,000, na kampuni inalipa 2,400,000. Viwango hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo kifungu hiki husomwa kabla ya kulipia.

Hapa kuna tofauti kubwa na nchi za Ulaya. Afrika Mashariki ada ya bima kubwa kwa kawaida huhesabiwa kwa thamani ya gari. Gari la shilingi 20,000,000 likitozwa asilimia 3.5, ada ni shilingi 700,000. Ikiongezwa VAT ya asilimia 18, yaani 126,000, jumla ni 826,000. Bima ndogo ya gari la binafsi nchini Tanzania kwa miaka mingi imekuwa shilingi 100,000, ambazo pamoja na VAT ni 118,000. Hesabu hizo haziulizi umri wa dereva. Kwa hiyo familia hazioni tofauti ya kijana na mzee siku ya kulipa ada. Tofauti hiyo huonekana siku ya ajali.

Mfano wa Uingereza

Nchini Uingereza umri wa dereva una uzito mkubwa katika ada, na kijana wa miaka 18 au 20 hutozwa fedha nyingi kuliko mzazi wake kwa gari lile lile. Ndiyo sababu familia nyingine huandika kwamba mzazi ndiye dereva mkuu na kijana ni dereva wa nyongeza tu, ilhali kijana ndiye mwenye kulitumia gari kila siku. Kampuni za huko huuhesabu ujanja huo kuwa udanganyifu.

Kumweka mtoto kama dereva wa nyongeza si kosa, endapo kweli anaendesha mara chache. Kosa ni kugeuza nafasi za watu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2012 kuhusu maelezo ya wateja wa bima inatenganisha uzembe na udanganyifu wa makusudi. Aliyekosea kwa uzembe anaweza kupunguziwa malipo kwa uwiano wa ada aliyopaswa kulipa. Aliyedanganya kwa makusudi anaweza kunyimwa fidia yote, mkataba ukafutwa, na ada aliyokwisha kulipa isirudishwe.

Jambo jingine la huko ni kwamba hati ya usajili inamtaja mtunzaji wa gari, naye si lazima awe ndiye mmiliki. Kwa hiyo fomu za bima huuliza maswali mawili tofauti: gari ni la nani, na limeandikishwa kwa nani.

Je, mzazi anawajibika kwa kosa la mtoto?

Mtoto aliyetimiza miaka 18 hubeba kosa lake mwenyewe. Kuwa mzazi wa dereva si sababu ya kulipa. Hata hivyo mwenye gari anaweza kuwajibika ikiwa dereva alikuwa anaendesha kwa niaba yake au kwa kazi yake.

Kesi ya Hewitt dhidi ya Bonvin, iliyo katika ripoti za sheria za Uingereza za mwaka 1940, ilihusu jambo hili hasa. Kijana aliomba ruhusa kwa mama yake kutumia gari la baba ili awarudishe kwao wasichana wawili. Rafiki aliyefuatana naye alifariki katika ajali. Mahakama ya rufaa iliamua kwamba baba hakuwajibika, kwa sababu kijana alikuwa katika shughuli zake mwenyewe na hakuwa ametumwa na baba.

Afrika Mashariki, katika kesi ya Karisa dhidi ya Solanki ya mwaka 1969, Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba gari likithibitishwa kuleta madhara kwa uzembe, na pasipokuwa na ushahidi wa kupinga, huchukuliwa kwamba dereva ni mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa makosa yake. Kwa maneno mengine, ni mzazi anayetakiwa kutoa ushahidi kwamba mtoto hakuwa ametumwa naye. Mtoto akiwa anampeleka mama kliniki, au amekwenda kumletea mbolea, ushahidi huo haupo.

Haki ya aliyegongwa

Sheria za bima ya lazima zilitungwa kwanza kwa ajili ya aliyegongwa. Kwa hiyo baadhi ya vizuizi vya mkataba havina nguvu juu yake. Nchini Kenya, kwa mfano, kampuni haiwezi kumnyima fidia mtu wa tatu kwa sababu tu mkataba uliweka mpaka wa umri wa dereva. Inalipa kwanza, kisha inaweza kumdai mwenye bima fedha ambazo isingelipa kama si sheria hiyo.

Lakini ulinzi huo una mipaka. Kampuni ikithibitisha mahakamani, ndani ya utaratibu uliowekwa, kwamba bima ilipatikana kwa maelezo ya uongo au kwa kuficha jambo muhimu, inaweza kuondolewa wajibu wa kulipa hukumu. Vilevile sheria ya Kenya imeweka kikomo cha shilingi 3,000,000 kwa kila mdai. Hukumu ikizidi hapo, salio ni juu ya waliohukumiwa. Jibu moja lisilo la kweli katika fomu linaweza hivyo kumwacha majeruhi bila fidia, na shamba au nyumba ya mzazi ikawa hatarini kuuzwa kulipa deni.

Njia tatu za kukata bima

Njia ya kwanza ni mzazi kukata bima kwa jina lake na kumtaja mtoto kuwa dereva mkuu. Hii inafaa pale ambapo gari kweli ni la mzazi. Fidia ya gari italipwa kwa mzazi. Punguzo la kukaa bila madai nalo ni la mzazi, hivyo mtoto akija kununua gari lake anaweza kuanza upya.

Njia ya pili ni mtoto kukata bima ya gari la mzazi kwa jina lake. Hapa huja kanuni ya maslahi ya kibima: anayekata bima lazima awe mtu atakayepata hasara gari likiharibika. Mtoto anawajibika kwa namna anavyoliendesha, basi ana maslahi kuhusu madai ya mtu wa tatu. Lakini thamani ya gari lenyewe ni ya mzazi. Kampuni nyingine hukataa, nyingine hukubali ikiwa majina yote mawili yameandikwa katika hati. Jibu la kampuni hupokelewa kwa maandishi.

Njia ya tatu ni kubadilisha umiliki, gari liandikishwe kwa jina la mtoto. Inafaa pale ambapo mzazi amekwisha kumpa mtoto gari moja kwa moja. Baada ya hapo bima ya mzazi hailifuati gari lenyewe. Bima ni mkataba na mtu, kwa hiyo kampuni huarifiwa na hati mpya hutolewa kwa jina jipya.

Mzazi anapofariki

Hili ndilo jambo linalosahauliwa zaidi. Mzazi akifariki, gari linakuwa sehemu ya mirathi, na ruhusa aliyompa mtoto haiendelei kama zamani. Familia hubaki na stika iliyo hai kwa miezi kadhaa na kudhani mambo ni shwari, huku gari likienda na kurudi msibani. Hatua inayofaa ni kuiarifu kampuni mapema na kuuliza kama hati inawalinda warithi au msimamizi wa mirathi. Msimamizi akishateuliwa na mahakama, yeye ndiye mwenye mamlaka ya kuhamisha umiliki na kupokea fidia yoyote inayohusu gari.

Kuvuka mpaka

Gari likitoka nchi moja kwenda nyingine, bima ya nyumbani peke yake haitoshi. Nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika hutumia Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hulinda madai ya mtu wa tatu katika nchi zilizomo katika mpango huo. Mtoto anayevuka na gari la mzazi huhitaji pia barua ya idhini ya mwenye gari, kwa kuwa jina lililo katika kadi ya gari halilingani na la pasipoti yake.

Ajali inapotokea

Dereva ndiye anayetoa maelezo polisi, lakini dai hutolewa na mwenye bima. Kwa hiyo mtoto anapaswa kumjulisha mzazi siku ile ile, na mzazi kuiarifu kampuni ndani ya muda uliotajwa katika hati. Wakati mwingine mzazi hujitolea kusema kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, ili kumkinga mwanawe au kuepuka eksesi ya kijana. Huo ni uongo unaoweza kuharibu dai zima ambalo pengine lingelipwa, na kutoa maelezo ya uongo kwa polisi ni kosa la jinai.